Doriani Katika Sakristia

Mwaka ule Kwaresima na Ramadhani zilifuatana kama ndugu wawili waendao shule: Jumatano ya Majivu ilipokuwa inakwisha, jioni yake mwezi ukaandama. Mzee Kornelio alilitazama jambo hilo kwa furaha, akaamua moyoni kwamba Mungu hakulipanga bure.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mwenye mgongo ulionyooka na kola iliyopigwa pasi hata siku za kwenda shamba. Babake alivuka kutoka Unyamwezi kuja Pemba kuchuma karafuu, akasahau kurudi. Katika kanisa dogo la mawe lililo juu kidogo ya Mkoani, ambalo waumini wake ni askari polisi wa kutoka bara, wauguzi, walimu na wajukuu wa wachumaji wa zamani, yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa wazee, msomaji wa masomo, na mlinzi wa kila desturi iliyoachwa na wamisionari, zikiwamo zile ambazo wamisionari wenyewe wangezisahau kwa furaha.

Kilichomchokoza ni ulimi wa Mzee Kificho. Huyu alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mkulima wa muhogo na mtu wa mzaha, nao walikuwa wakizozana kwa mapenzi tangu enzi za kugombania gololi.

"Hebu nambie, Kornelio," alisema Mzee Kificho siku moja barazani kwake, watu wakisikia. "Hii Kwaresima yenu, mwafunga nini hasa? Milango?"

"Tunafunga chakula, bwana. Tena siku arobaini. Nyinyi mkimaliza mwezi mmoja mnajiona mmeibeba dunia."

"Arobaini! Na ule moshi wa nchana jikoni kwako ni wa nini? Waunguza dhambi?"

Baraza zima lilicheka. Mzee Kornelio alikuwa na maelezo mazuri kabisa kuhusu mfungo wa Kanisa, kujinyima nyama na kupunguza mlo, lakini maelezo yenye vifungu hayawezi kusimama mbele ya kicheko. Alirudi nyumbani masikio yakimwaka.

Jumapili iliyofuata alipomaliza kusoma somo hakurudi kitini. Alishika kimeza cha kusomea kwa mikono miwili, akatangaza kwamba mwaka huu yeye, Kornelio, angefunga mfungo mkavu, tangu alfajiri hata magharibi, pasipo tone la maji, kila siku isipokuwa Jumapili, mpaka Pasaka. "Naiweka nadhiri hii mbele ya altare," alisema, "ili majirani zetu wasiwe na la kusema."

Padre Gervasi, kijana wa Masasi ambaye alikuwa bado akijifunza kuwaogopa wazee wake kwa kiasi kinachofaa, alikohoa kidogo. Baada ya Misa alimvuta kando.

"Mzee wangu, mfungo mzuri ni ule asioujua mtu."

"Usiojulikana hautafaa kitu, Padre. Kificho anataka kujua."

Basi akafunga. Na jambo la ajabu ni kwamba halikuwa gumu hata kidogo. Kisiwa kizima kilikuwa kimefunga pamoja naye. Mikahawa ilikuwa imefungwa, majiko yamelala, na mchana watu walipita polepole wakiongea kwa sauti ndogo kama wagonjwa wanaopata nafuu. Magharibi ilipoingia Mzee Kificho alimwita mkekani kwake, wakafuturu uji wa pilipili manga, tende, mihogo na ndizi mbivu zilizopikwa kwa nazi, mpaka Mzee Kornelio akaanza kuhofu kwamba mfungo utamnenepesha. Alitembea Mkoani na uso wa mtu aliyeshinda. Kanisani aliwatazama wenzake waliokunywa chai asubuhi kama mwalimu anavyowatazama watoto waliokuja bila daftari.

Kisha ikaja Sikukuu ya Idi.

Ilikuwa Jumamosi. Mzee Kornelio aliamka kabla ya jua, kama kawaida yake mpya, na kabla hajamaliza sala zake za asubuhi harufu ya pilau ilikuwa imeruka ukuta. Watoto walipita na nguo mpya zinazochakarisha, kila mmoja na kitu mdomoni. Sahani zilivuka njia kwenda na kurudi. Mzee Kificho akatokea mlangoni, kanzu nyeupe, kofia mpya, na kikapu mkononi.

"Nimekuletea, jirani yangu. Doriani. La mwisho nlilopata, ule nti wa nyuma ya kisima umechelewa mwaka huu. Hili lako la kufuturia jioni. Sisi leo hatuna jioni wala asubuhi, ni kula tu."

"Mungu akulipe."

"Na wewe akupe nguvu, Kornelio. Maana sasa umebaki peke yako, bwana!" Akaondoka akicheka.

Ni neno hilo, peke yako, lililomkaa Mzee Kornelio tumboni. Mpaka jana alikuwa amebebwa, na asijue kama amebebwa. Sasa alishushwa chini, akagundua kwamba miguu yake haina nguvu aliyokuwa akiisifia.

Hakuthubutu kuliacha doriani nyumbani, kwa kuwa watoto walikuwa wakiingia na kutoka kuomba zawadi ya sikukuu. Akalichukua pamoja naye alipokwenda kanisani kuandaa masomo ya kesho. Sakristia, kile chumba kidogo cha nyuma anamovalia padre mavazi yake, ilikuwa na funguo mbili tu: moja aliishika yeye, na nyingine aliishika Bi Perpetua, mjane aliyefagia kanisa na kufua vitambaa vya altare. Mzee Kornelio aliingia, akaliweka doriani juu ya kabati, akafungua kitabu cha masomo.

Alisoma mstari wa kwanza. Akausoma tena.

Wasiolijua doriani watamhukumu vibaya. Tunda hilo halingoji kuliwa, linakuja lenyewe. Lilikuwa limekwisha kuiva mpaka ganda limeanza kuachia, na harufu yake, ambayo wageni huiita uvundo na Wapemba huiita neema, ilishuka kutoka kabatini, ikazunguka meza, ikaketi mkabala naye. Adhuhuri ilikuwa nzito. Ng'ambo ya bonde watu walikuwa wakicheka juu ya sinia. Mzee Kornelio alijiambia kwamba atalipasua tu, lipate hewa. Alipolipasua alijiambia kwamba atalamba kidole, kwa kuwa kidole kilichochafuka hakistahili kushika kitabu kitakatifu.

Alipozinduka, mbegu ya mwisho ilikuwa mkononi mwake, safi kama jiwe la mtoni.

Alikusanya maganda kwenye kikapu, akayatupa vichakani nyuma ya ukuta, akanawa, akafuta meza. Kisha, kwa haraka ya mwenye hatia, akafanya kosa ambalo hata mtoto wa Pemba asingelifanya: alifunga dirisha.

Kesho yake Padre Gervasi alipolivaa lile vazi lake la zambarau la Kwaresima, ambalo usiku kucha lilikuwa limening'inia ndani ya chumba kilichozibwa, alisimama kidogo na kufumba macho. Lakini kengele ilikuwa imekwisha kupigwa. Maandamano yakaingia kanisani, na doriani likaingia nayo. Kila padre alipoinua mikono, safu ya mbele ilishusha vichwa. Koplo mmoja wa kwaya alikwama katikati ya wimbo, mabega yakamtetemeka, na sauti ya tatu yote ikaanguka naye.

Baada ya Misa wazee wa kanisa walikutana kivulini kando ya ukuta. Hakuna aliyecheka sasa. Kula ndani ya sakristia, tena wakati wa Kwaresima, lilikuwa jambo zito, na aliyefundisha uzito wake ni Mzee Kornelio mwenyewe.

"Nani aliingia humo jana?" aliuliza Padre Gervasi.

Ingetosha kusema neno moja. Mzee Kornelio alilihisi neno hilo kinywani kabisa. Halafu akaona nyuso zile zikimgeukia kwa heshima, zikimngoja kama zilivyomngoja sikuzote.

"Funguo ni mbili," alisema. "Moja ninayo mimi. Nami, kama mjuavyo, nina nadhiri ya kufunga."

Hakusema uwongo. Aliyapanga maneno ya kweli yakafanya kazi ya uwongo, na kazi hiyo yakaifanya vizuri. Macho yote yalihama kwake, yakaenda kwa Bi Perpetua, aliyekuwa akikung'uta jamvi mlangoni. Bi Perpetua ambaye kila mtu alijua kwamba huuza matunda gatini.

"Mimi?" alisema. "Doriani nauza, sili. Nikilionja midomo inavimba kama ya samaki kibua."

"Haya husemwa," alinong'ona mzee mmoja.

Kanisani mle palikuwa na desturi ya zamani. Aliyeshtakiwa kwa kosa zito aliketi karibu na mlango, hakukaribia altare, wala hakuweza kumsimamia mtoto wa ubatizo, mpaka shauri lake limalizike. Padre Gervasi angependa kungoja, lakini desturi ilikuwa desturi, na mlinzi wake alikuwa amesimama pale pale akitazama viatu vyake. Bi Perpetua alifungua pindo la kanga, akatoa ufunguo, akauweka juu ya kiganja cha padre.

"Mjukuu wangu abatizwa Pasaka," alisema. "Binti yangu amevuka kutoka Tanga kwa hilo tu. Ni mimi wa kumsimamia." Hakulia. Alimtazama Mzee Kornelio kwa muda mrefu kuliko ilivyopendeza, kisha akachukua jamvi lake akaenda.

Juma lile Mzee Kornelio alifunga kwa ukali usio na kifani. Hata mate aliyatilia shaka. Lakini mfungo ulikuwa umechujuka. Aliinuka alfajiri akiwa na njaa na akalala usiku akiwa na njaa, ingawa alikuwa amekula. Alimtaka Mungu msamaha kila baada ya saa, kwa maneno mazuri ya kale, na kila mara alihisi kama mtu anayebisha kwenye nyumba ambayo ufunguo wake umo mfukoni mwake.

Siku ya Jumatano Mzee Kificho alimkuta akipalilia mahali pasipo na magugu.

"Lile doriani, lilikuwaje? Hukunambia."

"Tamu."

"Ulilifuturia wapi? Maana jioni ile nilikaa hapa ukutani kusudi nipate walau harufu, nsisikie kitu. Doriani haliliwi kwa siri, Kornelio!"

Mzee Kornelio alipalilia kwa bidii zaidi. Mzee Kificho alimtazama, akatazama upande wa kanisa, na uso wake ukaanza kufunguka taratibu.

"We! Ulilila nchana!" Alicheka mpaka akashika ukuta. "Siku ya kwanza tu! Ya kwanza, bwana! Mie nlijua hutafika Jumanne, lakini hata adhuhuri hukuivuka!"

"Punguza sauti."

"Kwani nani kakuona?"

"Hakuna aliyeniona. Wanadhani ni Bi Perpetua."

Kicheko cha Mzee Kificho kilikatika. Alivua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Hilo sasa siwezi kulicheka," alisema. "Kula, ntu hula akatubu, mambo yakaisha. Mimi mwenyewe nilikuchokoza, na ile siku ya milango nilikwenda kulala najuta. Lakini yule mama umemla na yeye?"

"Sikumtaja jina."

"Ahaa. Mwalimu." Mzee Kificho alichukua jembe mkononi mwa rafiki yake, akaliegemeza ukutani. "Basi nenda. Unaua mboga bure hapa."

Alikwenda kwanza kwa Padre Gervasi, kwa kuwa ilikuwa rahisi zaidi kupiga magoti mbele ya kijana kuliko kusimama mbele ya Bi Perpetua. Aliungama yote: kiburi, nadhiri, doriani, dirisha, funguo. Alipofika kwenye funguo alizipita upesi, ikabidi arudie. Padre hakushtuka kama alivyotazamia, jambo lililomuudhi kidogo.

"Mungu anasamehe, Mzee. Hilo sina shaka nalo, nami nitakutamkia kwa furaha. Ila jina la Bi Perpetua unalo wewe, mimi sinalo. Likirudishwa, njoo."

"Nirudishe vipi?"

"Muulize mwenyewe. Na ile nadhiri nimekufungua. Hukuiweka kwa Mungu, uliiweka kwa Kificho."

Gatini Mkoani boti lilikuwa limeingia. Wachukuzi walikuwa wakipigana vikumbo na mizigo, abiria wakipunga tiketi, na Bi Perpetua alikuwa nyuma ya meza yake ya ndizi na mapapai, akihesabu chenji kwa mkono mmoja na kufukuza nzi kwa mwingine.

"Bi Perpetua, nina neno nawe."

"Neno litangoja, Mzee. Boti halingoji. Sogea kidogo, unawazibia wateja."

Akasogea. Akasukumwa na gunia la vitunguu, kisha na mtu mwenye kuku. Mchukuzi mmoja akamwuliza kama yeye ni mzigo au abiria. Muda wote huo alikuwa ameshika kofia yake mkononi, na hotuba aliyoitunga njiani ikaanguka kipande kipande, mpaka watu walipopungua na mama yule akamgeukia, yakabaki maneno machache tu.

"Ni mimi niliyekula."

"Najua," alisema Bi Perpetua.

"Unajua?"

"Jumatatu Padre aliniletea lile vazi nilifue. Katika kuchota maji nikayaona maganda vichakani, na kikapu cha Mzee Kificho juu yake. Kile chenye mshipi mwekundu, nani asiyekijua?"

Kweli, kikapu! Mzee Kornelio alikuwa hajakikumbuka hata mara moja.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Kwa nani? Neno langu na neno lako, nani angesadikiwa? Nikasema, acha nimtazame mtu huyu atanyamaza mpaka lini." Alipanga mapapai yaliyokwisha kupangika. "Usiku wa kwanza nilikuombea mabaya, sikufichi. Wa pili pia. Leo alfajiri nikaona nachoka mimi, wewe huumwi, nikaacha."

"Nimeumwa," alisema Mzee Kornelio.

Bi Perpetua alimtazama vizuri, mashavu yaliyobonyea, kola isiyopigwa pasi. "Ndiyo," alisema. "Naona."

"Nisamehe."

"Hapa gatini?" Alitikisa kichwa. "Wachukuzi hawa hawakunisema neno, Mzee. Mimi nilisemwa ukutani mwa kanisa, mbele ya wazee. Msamaha wako upo, nimekwisha kuutoa moyoni. Uje uuchukue pale pale nilipouacha ufunguo wangu."

Jumapili ya Matawi kanisa lilijaa. Mzee Kornelio alisoma somo lake bila kutetemeka, kwa kuwa alikuwa msomaji mzuri, kisha akabaki mahali alipobaki ile Jumapili ya nadhiri. Watu walijiweka sawa kusikiliza maonyo.

"Ndugu zangu," alisema, "doriani nililila mimi."

Akakifunga kitabu cha masomo.

"Nililila adhuhuri, ndani ya sakristia, siku ya kwanza ambayo majirani zangu hawakufunga pamoja nami. Hilo ni udhaifu. Lakini siku ya pili nilijua mtu mwingine anashtakiwa, nami nikayachagua maneno yangu ili ashtakiwe zaidi. Hilo si udhaifu, ni dhambi. Bi Perpetua hakukosa neno. Nimemkosea yeye, na mjukuu wake, na nyinyi mliozoea kunisadiki. Nimejihukumu kuketi mlangoni mwaka mzima."

Alikuwa ametazamia minong'ono ya hasira. Alichokisikia ni sauti kama ya kibuyu kinachopasuka: yule koplo wa kwaya alikuwa ameshindwa tena. Kicheko kikarukia kwa wauguzi, kikavuka kwa walimu, na kabla Mzee Kornelio hajajua kama audhike au afe, kanisa zima lilikuwa likicheka, si kwa kumdhihaki, bali kama watu walioona mlango mzito ukifunguka kwa wepesi.

Bi Perpetua aliinuka kutoka kule nyuma.

"Mwaka mzima!" alisema kwa sauti. "Mzee, hata katika kutubu wataka uwe wa kwanza? Na masomo atasoma nani? Huyu koplo?" Kicheko kikapanda tena. Alingoja kitulie. "Nimekusamehe. Wote wamesikia. Sasa shuka hapo, Misa iendelee."

Padre Gervasi alimtamkia ondoleo la dhambi mbele ya watu wote, mkono wake juu ya kile kichwa cheupe kilichoinama. Ufunguo ulirudi katika pindo la kanga. Kisha padre, ambaye juma lile alikuwa amejifunza mengi juu ya wazee, akatoa adhabu ya toba: siku za mwanzo za Juma Kuu, Mzee Kornelio angekwenda adhuhuri nyumbani kwa Bi Perpetua, akaketi ukumbini mlango ukiwa wazi, akala chakula cha mchana.

Ilikuwa adhabu kali kuliko alivyodhani Padre Gervasi. Jumatatu, saa ya jua kali, Mzee Kornelio alikwea njia ile akisalimiwa na kila baraza, na kila baraza lilijua aendako. Binti wa Bi Perpetua alimtandikia mkeka. Mtoto wa ubatizo, mnene na mwenye hasira, aliwekwa mapajani mwake bila kuulizwa, akaishika tai yake akaanza kuitafuna. Wali ukaja, na samaki wa kupaka, na mchicha.

Mzee Kornelio alifumba macho kushukuru. Alikuwa na sala ndefu ya kabla ya chakula, aliyofundishwa utotoni, lakini alipoifungua ilimletea mambo mengi mno, akabaki amefumba macho na mdomo umefungwa, mtoto akivuta tai, wapita njia wakipunguza mwendo.

"Mzee," alisema Bi Perpetua kwa upole, "samaki anapoa."

"Mimi sistahili, Bi Perpetua."

"Nani kakuuliza kuhusu kustahili? Nimekwambia samaki anapoa."

Akafumbua macho, akanawa, akala. Mwanzoni alikula kama mtu anayemeza dawa mbele ya mganga. Kisha, pasipo kutambua ni lini hasa, akawa anakula kama mtu mwenye njaa, huku akimwuliza binti habari za Tanga, huku akimtafunia mtoto chembe ya wali. Sahani ikawa tupu. Aliitazama kidogo, akamtazama mwenye nyumba, na kwa sauti ambayo wanafunzi wake wa zamani wasingeitambua, akaomba aongezewe.